Netscape Imekufa, Faili Lake Linaishi

Wadau, wiki iliyopita diski ya kompyuta yangu ilikufa na alamisho zangu za miaka sita. Kilichoniokoa ni faili moja la HTML kwenye flashi. Kulifungua, mstari wa kwanza: NETSCAPE-Bookmark-file-1!

Netscape Navigator ilitoka 1994, alamisho zote zikikaa kwenye faili moja. Ukipata kompyuta mpya, unanakili tu. Internet Explorer ikatumia folda, kila kiungo na faili lake. Mwaka 2008 Firefox 3 ikahamia SQLite, Chrome ikaja na JSON. Machi mwaka huohuo, AOL ikaacha kuihudumia Netscape.

Hata hivyo, Firefox na Chrome zikitoa alamisho nje, bado hufuata mtindo wa marehemu. Nywila hazimo, hizo zihamishe kando.

Je, lako umelihifadhi?