Laptopu Yako Si Mbovu, Swichi Imezimwa Tu

Mwaka wa pili kampasi tuliambiwa tuweke Linux ndani ya Windows kwa VirtualBox. Laptopu yangu ya mtumba ikakataa. Ujumbe ulisema VT-x imezimwa. Mimi nikasoma: wewe na mashine yako hamtoshi. Nikanyamaza, nikakosa maabara, na baadaye nikaacha chuo. Si hiyo pekee ilinitoa, lakini ilichangia. Sasa hebu niwape historia ambayo hakuna mtu alinipa.

Hii stori ya kompyuta ndani ya kompyuta ni ya zamani kuliko wazazi wetu wengi. Miaka ya 1960, kompyuta moja ilikuwa ghali ajabu. Watu wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, wakatengeneza CP-40, iliyogawa mashine moja kuwa 14 za kufikirika. Kila mtu aliona ni kama ako na yake peke yake.

Chipu za kompyuta zetu ndogo hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kwenye Pentium, watafiti walipata maagizo 17 yaliyovunja sheria za kugawa mashine. VMware, mwaka 1999, iliuza programu iliyozunguka tatizo hilo kwa kuyaandika upya maagizo korofi mashine ikiendelea kukimbia. Ni 2005 ndio Intel iliweka dawa ndani ya chipu yenyewe: VT-x. AMD ikafuata 2006. Lakini laptopu nyingi zilitoka kiwandani swichi hiyo ikiwa imezimwa.

Kwa hivyo zima, washa, bonyeza F2, F10 au Delete kulingana na mashine yako, ingia BIOS, tafuta Virtualization, au SVM kwa AMD. Washa, hifadhi, toka. Dakika mbili.

Ukishaingia, mtandao utakusumbua: Linux inafungua intaneti vizuri, lakini msee wa karibu hawezi kuifikia. Angalia anwani. Ukiona 10.0.2.15, uko kwa NAT, mbinu ya miaka ya 1990 ya kuficha mashine nyingi nyuma ya anwani moja, kwa sababu anwani za intaneti zilikuwa zinaisha. Unatoka, lakini mgeni haingii. Badilisha iwe Bridged, na ruta ya nyumbani itaipa Linux anwani yake kama simu yoyote.

Nilikuwa nimebakisha swichi moja, na niliona aibu kuuliza. Wewe uliza.