Nozeli za injini ya turbo: Vipimo kwanza, bei baadaye

Wamiliki wa magari yenye turbo wa Kinondoni na Temeke wanaonunua nozeli mbadala katika maduka ya vipuri ya Kariakoo hawana budi kutazama vipimo kabla ya bei.

Injini ya petroli ya silinda 4 inayokusudiwa kutoa nguvu farasi 300 huhitaji nozeli zenye kupitisha takriban sentimita za ujazo 590 kwa dakika kila moja, zikitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake. Zikiwa ndogo, petroli hupungua turbo inaposukuma hewa nyingi. Joto hupanda na pistoni huweza kutoboka. Zikiwa kubwa mno, injini hutetema gari likisimama.

Ukinzani wa umeme nao lazima ulingane na wa nozeli za awali. Baada ya kuzifunga, kompyuta ya gari irekebishwe kabla ya safari.