Safari ya Njombe na Makambako: kwa Miguu, kwa Gari na kwa Ndege



Tumeona vema kuwakumbusha habari za njia iliyo kati ya Njombe na Makambako. Maana vijana wengi huipita wakisinzia garini, wala hawajui jinsi ilivyowataabisha waliotutangulia.

Kwa barabara mwendo ni kilometa 60 hivi. Mtu aendaye kwa miguu, akitembea kilometa 4 kwa saa, atatumia saa 15. Basi mwenye mzigo kichwani alihesabu siku mbili, na wakati wa mvua siku tatu. Wazee wetu walitusimulia jinsi walivyolala njiani katika baridi ya nchi hii ya juu, wakiota moto, na asubuhi ukungu ukiwaficha njia. Walitusimulia pia habari za mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, akachukuliwa kwa machela, vijana wakipokezana. Walipofika kwenye kijito karibu na kijiji, maji yamejaa wala hapana daraja. Wakangoja hata jioni. Mama alipona, mtoto hakupona.

Jimbo la Njombe lilipoanzishwa mwaka 1968, reli ilikuwa haijafika Makambako. Kazi ya kujenga reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, ilianza mwaka 1970 ikamalizika mwaka 1975. Urefu wake ni kilometa 1,860, nayo ikapita Makambako. Tena katika miaka ya 1980 barabara ya kutoka Makambako mpaka Songea, ipitayo Njombe, ilitiwa lami. Hapo ndipo siku mbili zilipogeuka kuwa saa moja na kitu. Makambako ikawa njia panda kubwa: huku Iringa, huku Mbeya, huku Njombe na Songea, na viazi, chai na mbao za Njombe zikapata pa kupitia.

Na ndege je? Njombe ina kiwanja kidogo. Walimu, wapeni wanafunzi hesabu hii: ndege haifuati kona za barabara, bali huvuka kilometa 55 hivi. Ikienda kilometa 200 kwa saa, itafika kwa dakika ngapi? Jibu ni dakika 16 na nusu. Lakini waongeze dakika za kuwasha mashine, za kupaa na za kutua, na za kungoja ukungu uinuke, na mwendo wa kutoka nyumbani mpaka kiwanjani. Wakijumlisha vema wataona kwamba gari limekwisha kufika. Ndege ina faida kubwa kwa safari ya mbali, kama ya Dar es Salaam; kwa jirani faida yake ni ndogo.

Basi neno letu ni hili. Safari huanza mlangoni pa nyumba, haianzi penye lami wala kiwanjani. Mama yule alizuiwa na kijito cha kijijini kwake, kabla hajaiona barabara kuu. Hata leo viko vijito vya namna hiyo katika vijiji vyetu. Kwa hiyo twawasihi, kila kijiji kitengeneze njia zake na madaraja yake kabla ya mvua, ili atakayechukuliwa usiku asingoje hata jioni ya pili.