Kiunzi, Si Msingi Mwepesi

Nilimwomba fundi mmoja wa vigae anitengenezee "msingi mwepesi" wa tufe la bustani, la kubandikwa vipande vya sahani zilizovunjika. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, msingi ukiwa mwepesi nyumba si itaanguka?" Nilikuwa nimetafsiri maelekezo ya Kiingereza neno kwa neno, na kosa lilikuwa langu.

Msingi kwa fundi huchimbwa, hujazwa mawe, kisha hubebeshwa nyumba. Pambo la bustani linataka kitu kingine: umbo la ndani litakaloishika saruji mpaka ikomae, bila kulifanya pambo lishinde watu wawili kulinyanyua. Neno la kitu hicho tunalo. Ni kiunzi.

Kiunzi kimetokana na kuunda, kama kupenda kulivyozaa mpenzi na kulinda kukazaa mlinzi. Jahazi huwa na kiunzi ndani ya mbao zake. Mwili una kiunzi cha mifupa. Wanariadha nao huruka viunzi, ila hao tuwaache na mbio zao. Waingereza husema armature, kutoka Kilatini armatura, yaani zana na mavazi ya askari. Sisi tumelipata neno letu kwa waunda majahazi, na kwa kazi hii naliona letu limekaa vizuri zaidi.

Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa anaijua kazi yote. Miti husimikwa, fito hufungwa, udongo hukandikwa mpaka upenye na kushikana. Badili fito uweke waya wa kuku, badili udongo uweke saruji. Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa, alipata hataza mwaka 1867 kwa vyombo vya kupandia mimea vya saruji yenye chuma ndani, na zege la nondo tunalolijua leo lina deni la shukrani kwake. Karne moja baadaye msanii Niki de Saint Phalle na wenzake waliunga kwa moto nondo za sanamu za bustani yake kule Toscana, Italia, wakazifunika kwa wavu na saruji, kisha vioo na vigae. Mojawapo ya sanamu hizo ina uwazi mkubwa ndani kiasi kwamba aliishi humo kwa miaka. Bustani hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1998.

Tufe langu lina kipenyo cha sentimita 40. Lingekuwa zege tupu lingefika kilo 80 hivi. Ndani yake niliweka ile plastiki nyeupe, nyepesi, inayokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Sehemu kubwa yake ni hewa. Niliunganisha vipande, nikachonga kwa kisu, nikasugua kwa msasa, nikavika waya wa kuku, kisha nikakandika saruji na mchanga, unene wa sentimita moja. Kabla ya vigae halikuzidi kilo 12. Gundi ya viatu usiiguse, maana huiyeyusha plastiki hiyo. Wala usiichome, moshi wake ni sumu. Saruji nayo ifunike kwa gunia bichi kwa siku saba. Ukiharakisha, itapasuka, na vigae vitapasuka nayo.

Je, ile plastiki ndiyo kiunzi? Nasema hapana. Hiyo ni kiini, waya ndio kiunzi, saruji ni ganda. Najua kiini kimezoeleka kwa jambo zito, kama kiini cha habari, ilhali hiki, ganda likishakomaa, hata ukikitoa tufe litasimama. Lakini yai halilalamiki kwamba kiini chake ni laini.

Kwa nini basi hatukuwa na mazoea ya kulitumia neno kiunzi kwenye nakshi za vigae? Nadhani ni kwa sababu nakshi zetu za kale zilipachikwa kwenye jengo lenyewe. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyozamishwa kwenye chokaa, juu ya mawe ya matumbawe. Nakshi ya kubebwa mkononi haikuwamo katika hesabu.

Msingi nao haukukosa kazi. Tufe langu limekaa juu ya kitanda cha kokoto, kina cha kiganja kimoja, ili maji ya mvua yasituame chini yake. Huo ndio msingi, na yule fundi aliuchimba bila kuuliza swali.