Asilimia 60 ya Nini? Uwezekano Linganishi na Uwezekano Bayana

"Tohara ya wanaume hupunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 60." Ujumbe huu umezoeleka Simiyu, kwa sababu mkoa huu ni miongoni mwa ile iliyolengwa na mpango wa tohara ya kitabibu: Wasukuma hawakuwa na jadi ya kutahiri. Ujumbe wenyewe ni wa kweli. Hata hivyo kijana wa Bariadi anayeusikia akiwa juu ya pikipiki yake, akisubiri abiria, anaweza kudhani kwamba wakitahiriwa watu 100, basi 60 hawatapata virusi maishani. Anaweza pia kudhani kwamba mwili wake umeshakingwa sehemu kubwa, kwa hiyo kondomu si lazima sana. Au anaweza kuuliza swali ambalo mwandishi wa habari alipaswa kuliuliza kabla yake: asilimia 60 ya nini?

Mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa swali hilo. Mwambie bei imepanda kwa asilimia 20, naye atataka kujua msimu uliopita kilo ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Asilimia kwake ni kitu kinachoegemea kingine, na anataka kukiona hicho kinachoegemewa. Ajabu ni kwamba habari za afya hutufikia zikiwa zimeondolewa egemeo lake, nasi tunazipokea.

Katika takwimu za afya kuna vipimo viwili. Kimoja hulinganisha kundi na kundi: nusu ya wale, mara mbili ya wale, pungufu kwa asilimia kadhaa. Kingine husema wangapi kati ya wangapi, na kwa muda gani. Cha kwanza kinaweza kuitwa hatari linganishi, na cha pili hatari halisi. Neno "linganishi" nalikubali. Mengine mawili yananipa shida.

"Hatari" ni nyoka njiani: yupo au hayupo. Tunasema hatari kubwa, hatari ndogo, lakini ulimi unakataa kusema "hatari nne kwa mia". "Uwezekano" hukubali kuhesabiwa, tena hautishi mtu kabla hajasikia namba. (Kihatarishi ni kitu kingine kabisa: ni jambo linaloongeza uwezekano huo, kama uvutaji wa sigara.) Nalo neno "halisi" linamfanya msomaji aone kipimo cha kwanza kuwa cha uongo, ilhali vyote viwili vimetoka katika hesabu ileile ya watu walewale. Mimi nachagua "bayana", yaani kilicho wazi, kinachojieleza bila kuegemea kingine. Kwa hiyo: uwezekano linganishi na uwezekano bayana.

Sasa tuyapime maneno haya kwa kazi. Utafiti wa tohara wa Kisumu, nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2007, ulihusisha vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, waliogawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kwa muda wa miaka miwili, walioambukizwa VVU katika kundi lililotahiriwa walikadiriwa kuwa asilimia 2.1, na katika kundi lililosubiri kutahiriwa baadaye asilimia 4.2. Kilinganishi, maambukizi yalipungua kwa nusu na ushei. Watafiti waliandika asilimia 53. Kibayana, kati ya vijana 100 wasiotahiriwa waliambukizwa kama 4, na kati ya 100 waliotahiriwa kama 2. Wale 60 wa kwenye fikra za kijana wetu hawaonekani popote. Kuna 96 ambao ndani ya miaka hiyo miwili wasingeambukizwa hata bila tohara, kuna 2 waliookolewa, na kuna 2 walioambukizwa ingawa wametahiriwa.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na nyumbani. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, mkoa ambao wakati huo ulijumuisha eneo la Busega, ambayo leo iko Simiyu, watafiti walichunguza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kungepunguza VVU. Matokeo ya mwaka 1995 yalijulikana dunia nzima: maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40. Kibayana, kwa miaka miwili waliambukizwa watu 12 kati ya 1,000 mahali palipoboreshwa, na 19 kati ya 1,000 mahali pengine. Tofauti ni watu 7. Sisemi ni wachache. Mkoa mzima ukihesabiwa kwa maelfu yake, hao 7 wanakuwa umati. Ninachosema ni kwamba "asilimia 40" peke yake haimwambii mtu kama ni 7 au 400.

Uingereza walilipia kosa hili. Oktoba 1995 wanawake walitangaziwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili uwezekano wa damu kuganda. Kibayana, ilikuwa kutoka mwanamke 1 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata inakadiriwa mimba zilizotolewa England na Wales ziliongezeka kwa takriban 13,000.

Kuna sababu nyingine ya kuyahitaji maneno yote mawili, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Uwezekano linganishi husafiri. Afrika Kusini, Kisumu na Rakai kule Uganda, tohara ilipunguza maambukizi kwa kiwango kinachokaribiana, kati ya asilimia 50 na 60. Uwezekano bayana haubebeki hivyo. Hutegemea ugonjwa umeenea kiasi gani mahali hapo. Rakai, kati ya wanaume 100 wasiotahiriwa waliambukizwa kama 1.3 kwa mwaka. Kisumu walikuwa zaidi ya hapo. Redio ya Bariadi inaweza kuazima asilimia 60 kutoka mbali, lakini haiwezi kuazima wale 4 kwa mia wa Kisumu ikawaita wa Simiyu.

Kama ningeombwa kuandika tangazo hilo upya, lisomwe kwa Kiswahili kisha mhudumu wa afya alifasiri kwa Kisukuma mkutanoni, lingekuwa hivi: "Kisumu, kati ya vijana 100 wasiotahiriwa, kama 4 waliambukizwa VVU kwa miaka miwili. Kati ya 100 waliotahiriwa, waliambukizwa kama 2. Kondomu ni kwa ajili ya hao 2."