Dola Milioni 10 Zilizofungua Mlango wa Anga

Tarehe 4 Oktoba wapenzi wa mambo ya anga wanaikumbuka kwa mawili. La kwanza wengi tumelisikia tangu shuleni: siku hiyo mwaka 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. La pili halitajwi sana, nalo ndilo letu leo.

Siku hiyo hiyo mwaka 2004, kwenye jangwa la Mojave kule California, rubani Brian Binnie alipanda na chombo kidogo kiitwacho SpaceShipOne mpaka kilomita 112 juu, kisha akarudi salama. Chombo hakikuwa cha NASA wala cha jeshi. Kilikuwa cha watu binafsi, na jamaa walikuwa wanawania zawadi.

Zawadi gani? Mwaka 1996 Mmarekani Peter Diamandis alitangaza dola milioni 10 kwa atakayetimiza masharti haya:

- Chombo kitengenezwe bila fedha za serikali.
- Kiwe na uwezo wa kubeba watu 3.
- Kifike kilomita 100 juu, kirudi salama, halafu chombo kile kile kirudie safari ndani ya wiki mbili.

Wazo alilichota kwenye historia ya ndege. Mwaka 1927 Charles Lindbergh aliruka peke yake bila kutua toka New York hadi Paris, na kwa safari hiyo akapata dola 25,000 alizoahidi mwenye hoteli Raymond Orteig.

Kichekesho ni kwamba Diamandis alipotangaza, hizo milioni 10 hakuwa nazo! Alihangaika miaka kadhaa kutafuta wafadhili. Mwishowe familia ya Ansari, Wamarekani wenye asili ya Iran, ndiyo iliyomwokoa, na shindano likapewa jina lao. Ilikatwa na bima: kampuni ya bima ingelipa iwapo mshindi angepatikana kabla 2004 haijaisha. Timu 26 kutoka nchi 7 zikajitosa.

Walioshinda ni timu ya Burt Rutan, fundi mashuhuri wa ndege, kwa fedha za Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft. Ndege mama ilikibeba chombo hadi kilomita 15 hivi, ikakiachia, ndipo roketi ikawaka. Wakati wa kushuka mabawa yalikunjwa juu ili chombo kipunguze kasi chenyewe, kama unyoya unavyoanguka.

Sasa piga hesabu. Allen alitumia zaidi ya dola milioni 20 kutafuta milioni 10. Kwa harakaharaka utasema hasara. Lakini Richard Branson alinunua haki ya kutumia teknolojia hiyo kwa kampuni yake ya Virgin Galactic, na wenye mitaji wakaona kumbe inawezekana.

Tusidanganyane, bei nyingine ililipwa kwa damu. Mwaka 2007 wafanyakazi 3 walikufa kwa mlipuko hapo hapo Mojave wakijaribu mfumo wa injini ya chombo kilichofuata. Mwaka 2014 chombo hicho kilivunjika angani, rubani msaidizi Michael Alsbury akafariki. Safari ya kwanza ya kibiashara ya Virgin Galactic ilikuja kufanyika Juni 2023.

Halafu kupanda na kushuka ni jambo moja, kubaki angani ni jingine. Ili uizunguke dunia bila kuanguka unahitaji mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. SpaceX ya Elon Musk iliangusha roketi tatu mfululizo kabla Falcon 1 haijafanikiwa Septemba 2008. Desemba 2015 sehemu ya chini ya Falcon 9 ikarudi na kutua wima, ili itumike tena badala ya kutupwa baharini.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Aprili 2023 Falcon 9 iliondoka California na setilaiti za wateja wengi, mfano wa abiria kwenye daladala. Mmojawapo ni Taifa-1 ya Kenya, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria, kwa ajili ya kupiga picha za mashamba, misitu na mafuriko.

Linganisha na Desemba 12, 1970. Setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Siku ile sisi tulitoa pwani na jina tu. Mwaka 2023 tulikuwa na mzigo wetu, tukalipa nauli kama wengine. Ni hatua, tuipongeze. Ila abiria haamui gari liondoke saa ngapi, na Malindi iko pale pale karibu na Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi zaidi. Je, nani kwetu ataweka zawadi yake mezani?