Mstari wa Kuanzia Haupendelei, Umekaa Hanamu

Mbio za vidau vya tanga haziwezi kuanzishwa kama mbio za miguu, washindani wakiwa wamechutama kwenye chaki wakisubiri mlio. Chombo kinachokwenda kwa upepo hakina breki, na kikisimama kabisa usukani wake haushiki maji. Kwa hiyo washindani huzunguka nyuma ya mstari usioonekana, unaopita kati ya mlingoti wa bendera kwenye boti ya waamuzi na boya lililotiwa nanga, huku kila nahodha akitazama saa yake. Kanuni ya 26 ya sheria za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa tanga, inagawa muda huo hivi: dakika 5 kabla ya kuanza hupandishwa bendera ya onyo, zikibaki dakika 4 hupandishwa bendera ya matayarisho, ikibaki dakika 1 hiyo ya matayarisho huteremshwa, na ile ya onyo ikiteremka, mbio zimeanza. Honi hulia kila mara, lakini saa huhesabiwa kwa bendera, na honi ikishindwa kulia hakuna kinachobadilika. Aliyevuka kabla ya wakati hana budi kurudi nyuma ya mstari na kuanza upya, wenzake wakimwacha. (Naandika kidau, wala si dingi kutoka “dinghy” ya Kiingereza, kwa sababu mtaani dingi ni baba mzazi, na sitaki msomaji aone kundi la wazee wakielea baharini.) Katika dakika hizo 5 lipo swali moja ambalo nahodha hodari hulijibu kabla ya mengine yote: mstari umekaaje mbele ya upepo? Waingereza wana jina la jambo hilo, “line bias”. Sisi tunahitaji letu, na nadhani tunalo tayari, ila tumelisahau kwenye meza ya fundi cherehani.

Mtu akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, maana inayomjia kwanza ni upendeleo. Hapo ndipo mtego ulipo. Upendeleo wa mstari ni maneno yanayotamkika vizuri na kusikika kama istilahi, na mwalimu wa vidau anaweza kuyatumia mwaka mzima bila mtu kumuuliza. Lakini Kiingereza chenyewe hakikuanza na upendeleo. Neno hilo kilichukua kutoka Kifaransa, ambako “biais” ni mshazari, kitu kilichokwenda upande. Katika karne ya 16 wachezaji wa mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi walilitumia kwa tufe linaloacha njia iliyonyooka na kupinda upande mmoja, na mafundi wa nguo wa Kiingereza wanalitumia mpaka leo kwa kitambaa kilichokatwa kishazari. Maana ya hakimu aliyeelemea upande ilizaliwa baadaye, kwa sitiari. Basi anayetafsiri kwa upendeleo amefasiri sitiari na kuuacha mwili wake, na mabaharia walichokihitaji ni mwili huo.

Tuuone mwili wenyewe. Kidau hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Hubisha, yaani hupanda kwa mikato, kila mkato ukiwa takriban nyuzi 45 kutoka kwenye upepo, kulia kisha kushoto, mpaka kilifikie boya la juu, lililo upande upepo unakotoka. Kwa sababu kila mmoja analazimika kupanda hivyo, kilicho muhimu ni nani amekwisha kupanda zaidi kuelekea upepo. Aliye kulia au kushoto hana la ziada kwa kuwa huko tu. Chukua ngazi, ilaze juu ya bahari, kichwa chake kikiwa upepo unakotoka. Waliokanyaga kipandio kimoja wako sawa, hata kama wameachana mita 100. Mstari wa kuanzia ukilala sambamba na vipandio, yaani ukikutana na upepo kwa pembemraba, hakuna anayemzidi mwenzake popote atakapoanzia. Ukipinda kidogo, ncha moja imekwisha kukanyaga kipandio cha juu kabla ya mchezo kuanza. Tofauti hiyo hupatikana kwa kuzidisha urefu wa mstari kwa sini ya pembe ya mpindo. Kwa mstari wa mita 200, unaowatosha washindani 40 wa vidau vya aina ya ILCA 7, na mpindo wa nyuzi 5 ambao jicho lisilozoea halitauona, ncha moja iko juu ya nyingine kwa takriban mita 17. Kidau cha ILCA kina urefu wa mita 4.2, kwa hiyo hapo ni vyombo vinne vilivyopangwa omo kwa tezi, yaani mbele ya kimoja ikigusa nyuma ya kingine. Na kwa kuwa hakuna anayepanda kwa njia iliyonyooka, mita hizo 17 hudai takriban mita 25 za safari, ambazo kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde ni sekunde 10. Wapo wanaofanya mazoezi msimu mzima wapunguze sekunde 10.

Kuupima mpindo hakuhitaji chombo cha thamani. Nahodha hupeleka kidau katikati ya mstari, hulegeza kamba ya tanga, kisha huelekeza omo kwenye upepo mpaka tanga lipepee katikati bila kujaa upande wowote. Ncha ambayo omo imeielekea zaidi ndiyo iliyo juu. Mwenye dira hufanya hesabu. Tuseme upepo unatoka nyuzi 180, kusini kamili, na boti ya waamuzi iko kulia kwa anayetazama upepo, boya likiwa kushoto. Mstari usio na mpindo, ukisomwa kutoka botini kwenda kwenye boya, utakuwa nyuzi 90. Dira ikisoma 95, boya limepanda kwa nyuzi 5. Sasa upepo ukihamia 185, mpindo umekwisha ingawa boya na boti havikusogea hata shubiri. Ukifika 190, boti ndiyo iliyopanda.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha kwa nini neno hanamu linafaa kuliko upendeleo, na kuliko hata mshazari, ambalo lingetosha kama tusingekuwa na lingine. Fundi cherehani anapokata kitambaa hanamu, yaani kishazari, hapimi kwa ukingo wa meza wala kwa ukuta wa chumba. Anapima kwa nyuzi za kitambaa chenyewe. Ukigeuza kitambaa juu ya meza, mkato uleule huwa hanamu au usiwe, kulingana na nyuzi zilivyolala. Hanamu basi haikai ndani ya mstari peke yake. Ni uhusiano wa mstari na kitu kilichofumwa chini yake, na kwenye mbio za tanga kitu hicho ni upepo. Seremala naye hukata ubao hanamu ili viungo vikutane vizuri, na kwa wajenzi wa vyombo hanamu ni jina pia la sehemu ya mbele inayopasua maji. Neno lina harufu ya pwani tayari. Kwamba nyuzi ni za kitambaa na pia ni vipimo vya pembe ni bahati ya lugha, na mwalimu anaweza kuitumia: hanamu ya mstari hupimwa kwa nyuzi.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba baharia hatafuti jiometri, anatafuta faida; kama ncha moja humfikisha mapema, kuiita ncha inayopendelewa ni kusema kweli. Hoja hii ina uzito, na ingeshinda kama faida ingekuwa inafuata mpindo daima. Haifuati. Hanamu ya nyuzi 5 kuelekea boya huwavuta wengi kwenye boya, na ishirini wakigombea nafasi ya mita 15 kila tanga humtupia mwenzake upepo uliovurugika. Aliyeanza mita 30 kutoka hapo, akiwa na upepo safi na nafasi ya kushika kasi, anaweza kuwa mbele yao baada ya dakika mbili. Maji yakiwa yanakupwa kwa nguvu zaidi upande mmoja, mkondo unaweza kula mita zote 17. Na upepo ukihama nyuzi 5 kuelekea kulia baada ya kuanza, wakati vidau vingali vimeachana kwa upana uleule wa mita 200, aliyeanzia boya hana tena alichomzidi aliyeanzia boti. Ukihama nyuzi 10, ndiye aliye nyuma. Kwa maneno mengine, hanamu ni kipimo, faida ni makisio. Lugha inayoviita vyote viwili upendeleo humfundisha mtoto wa kidau cha Optimist kukimbilia kwenye ncha kabla hajahesabu watu waliokwisha kukimbilia huko.

Lipo jambo jingine, nalo si la kitaalamu tu. Upendeleo kwa Kiswahili huhitaji mtu anayependelea na mtu anayependelewa. Ni neno la ofisini, la ajira, la refa aliyefumba macho. Ukisema mstari una upendeleo, mzazi aliyesimama ufukweni ataelewa kwamba waamuzi wamembeba mtu. Ukweli ni kinyume. Kila mshindani yuko huru kuanzia mahali apendapo, kwa hiyo mpindo hauwezi kumbeba mmoja na kumwacha mwingine. Zaidi ya hayo, waamuzi wazoefu mara nyingi huweka hanamu ndogo kuelekea boya kwa makusudi. Vidau karibu vyote huja mstarini vikipokea upepo kulia, kwa kuwa vyenye upepo wa kulia hupishwa na vyenye upepo wa kushoto. Kwa mwendo huo kuanzia kando ya boti ni rahisi, na mstari usio na mpindo ungewarundika watu wengi hapo. Boya likipandishwa kidogo, kundi hutawanyika, mstari mzima hutumika. Hanamu hiyo imewekwa ili mashindano yawe ya haki. Sijui namna ya kuieleza sentensi hiyo kwa kutumia upendeleo bila kujipinga.

Wapo watakaouliza kwa nini nisichukue joshi, yaani upande upepo unakotoka, neno ambalo kila mwana wa mashua analijua, nikaiita ncha ya juu ncha ya joshini. Nililipenda wazo hili kuliko yote, na nimeliacha kwa shingo upande. Kanuni ya 11 inaamuru kwamba vyombo viwili vinavyopokea upepo upande mmoja vikikutana, kilicho joshini kikipishe kilicho demanini, yaani upande upepo unakokwenda. Vyote vikija mstarini na upepo wa kulia, vilivyo upande wa boti ya waamuzi viko joshini kwa vilivyo upande wa boya, hata kama boya ndilo lililopanda kwa nyuzi 10. Ncha ya joshini basi ingekuwa na maana mbili zinazogongana katika dakika ileile ambayo watu hupigiana kelele za kupishana. Joshi na demani tuziache zifanye kazi yao ya zamani, ya kutaja pande za chombo. Kwa ncha za mstari tunaweza kutumia kitenzi cha kawaida kabisa: ncha moja imepanda, nyingine imeshuka. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa hilo, na halimwambii nahodha aende wapi.

Pingamizi la mwisho ni la umri. Vijana wanaojifunza tanga katika Ghuba ya Msasani au Kilindini, litasema, hawajui hanamu, na afadhali tuchukue bayasi kama tulivyochukua intaneti. Sina chuki na neno la mkopo, lakini mkopo huchukuliwa pale ambapo kabati ni tupu. Hanamu haijafa, iko katika kila duka la ushonaji panapokatwa utepe wa kuzungushia shingo ya gauni. Kijana asiyelijua atalijifunza kwa dakika moja, kitambaa kikiwa mkononi, na akishalijifunza ataona kwa nini jambo lenyewe liko vile lilivyo. Bayasi atalikariri kama jina la dawa.

Matumizi yake hayana ugumu. Nahodha atauliza: hanamu ni nyuzi ngapi, na ncha ipi imepanda? Mwamuzi ataagiza nanga ya boya isogezwe kwa kuwa hanamu imezidi. Mstari ulio sawa na upepo utaitwa mstari usio na hanamu. Ripoti ya mashindano itaandika kwamba boya lilipanda kwa nyuzi 8 sekunde chache kabla ya bendera kushuka, na walioanzia boti wakabaki nyuma. Upendeleo nao ubaki kwa kazi yake halisi: siku mwamuzi atakapofumba macho mbele ya kidau kilichovuka mapema, tutakuwa na neno la kumshtakia, likiwa halijachakaa.